Taa ya Injini Ikiwaka Kabla ya Kuupanda Sekenke

Mazungumzo ya leo yako hapohapo mbele ya dereva, kwenye dashibodi: ile taa ndogo ya rangi ya chungwa yenye umbo la injini, ambayo madereva wengi wanaiita cheki injini. Inawaka bila kubisha hodi. Gari linakwenda, abiria wanapiga soga, mara hiyo taa. Dereva afanyeje? Asimame? Aendelee? Ampigie fundi? Au afanye kama wengi wafanyavyo: afungue boneti, achomoe terminali ya betri, asubiri kidogo, airudishe, taa izimike, na mambo yaishe?

Hayaishi. Tutafika huko. Kwanza tujibu swali lenye haraka: kusimama au kuendelea?

Jibu linategemea rangi ya taa na namna inavyowaka. Taa nyekundu hazina mjadala. Ile yenye umbo la birika linalodondosha tone inasema shinikizo la oili limeshuka. Hapo dereva anasogea pembeni na kuzima injini papo hapo, hata kama kijiji kinachofuata anakiona kwa macho. Nyekundu ya joto la maji ni vilevile. Na wenye magari madogo wakumbuke jambo moja: mengi ya magari hayo hayana mshale wa joto. Yana taa ya bluu injini ikiwa baridi, nayo inazimika injini ikishapata moto. Joto likizidi, inawaka nyekundu. Aliyezoea kutazama mshale kwenye gari lake la zamani anaweza kwenda kilomita kadhaa huku nyekundu imemkodolea macho. Rejeta nayo haifunguliwi ikiwa ya moto. Maji yaliyomo yamebanwa kwa shinikizo, na yakipata upenyo yanamrukia mtu usoni.

Taa ya injini ya rangi ya chungwa ni habari nyingine. Ikiwaka na kutulia, gari likawa linavuta kama kawaida, halitetemeki na halitoi harufu ya petroli, safari inaweza kuendelea kwa mwendo wa kiasi, na uchunguzi ukafanyika siku hiyo au kesho yake. Lakini ikipepesa, yaani ikiwaka na kuzimika, ikiwaka na kuzimika, huku gari linatetemeka na kukosa nguvu, hapo mguu utoke kwenye mafuta.

Kwa nini? Tuchukue mfano wa gari linalotoka Igunga kuja Singida. Limeshapita Shelui, lina abiria watano na gunia la mchele nyuma, linaanza kuupanda mlima Sekenke. Pale injini inadaiwa nguvu zake zote. Silinda moja ikishindwa kuchoma mafuta yake, tuseme kwa sababu koili inayoipa cheche imekufa, gari linaanza kumisi, kama mafundi wanavyosema. Petroli ile isiyoungua haipotei. Inatoka mbichi pamoja na moshi, inaingia kwenye masega, yale ya kusafisha moshi yaliyomo ndani ya bomba lake, na inaungua humo humo. Masega yanapata joto yasilolistahimili, yanaanza kuyeyuka, kisha yanaziba. Dereva aliyekuwa na tatizo la koili moja anafika Misigiri akiwa na tatizo la koili na masega. Taa iliyopepesa ilikuwa inamwomba apunguze mzigo: asogee pembeni au, kama hapana nafasi salama, apande taratibu kwa gia ndogo hadi patakapopatikana mahali pa kusimama.

Basi turudie kabla hatujasonga mbele. Nyekundu, simama na uzime. Chungwa inayopepesa, punguza mwendo mara moja na usimame panapofaa. Chungwa iliyotulia, endelea kwa kiasi, ila usiizoee.

Sasa, taa hii ilitoka wapi? Wengi wanadhani watengenezaji waliiweka kwa kumhurumia mwenye gari. Historia inasema vingine. Katika miaka ya 1940 jiji la Los Angeles, jimbo la California huko Marekani, lilikuwa linafunikwa na ukungu mchafu uliowatoa watu machozi. Mwanakemia mmoja Mholanzi, Arie Haagen-Smit, aliyekuwa akifundisha chuo cha Caltech, akaonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba ukungu ule ulitokana kwa sehemu kubwa na moshi wa magari na mvuke wa mafuta ukipigwa na jua. California ikaunda bodi ya kusimamia hewa mwaka 1967, na Haagen-Smit akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Baadaye bodi hiyo ikataka magari mapya kuanzia toleo la 1988 yajipime yenyewe na kumwashia dereva taa yakikosea. Kuanzia toleo la 1996 Marekani nzima ikataka magari yawe na mfumo wa aina moja: tundu moja la kuchomekea kifaa, na namba za makosa zinazofanana kwa kila kampuni. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001.

Mtu wa Puma au Mtinko hapa Singida atauliza: hayo ya California yanamhusu nini? Yanamhusu, kwa sababu yanaeleza tabia ya taa. Taa hii inalinda zaidi kile kinachotoka kwenye bomba la moshi. Inafuatilia uwiano wa hewa na petroli, inafuatilia cheche, inafuatilia masega, na sensa zinazosaidia kazi hizo. Breki zikiisha, haijui. Bushi zikichakaa, haijui. Oili ikipungua, hiyo ina taa yake nyingine, nayo huchelewa, kwa hiyo kijiti cha kupimia oili bado kina kazi. Gari linaweza kuwa bovu kabisa taa ikiwa imezimika, na linaweza kuwa zima karibu lote taa ikiwa imewaka kwa sababu ya waya mmoja.

Jambo jingine ni kwamba magari mengi yanayozunguka mkoani kwetu yalianza maisha Japani, yakiwa yametengenezwa kwa ajili ya Wajapani, ndipo yakashushwa bandarini Dar es Salaam yakiwa yameshatumika. Toyota IST iliyoingia sokoni mwaka 2002, Vitz, Passo, Raum, Spacio, Noah, Probox, haya tunayaona kila siku. Kitabu cha maelekezo kikibahatika kubaki kwenye droo ya dashibodi, kimeandikwa kwa Kijapani kitupu. Ndiyo maana ushauri unaotoka mbali wakati mwingine unapoteza watu. Mmarekani akiwakiwa na taa hii, la kwanza analoambiwa ni kukaza kifuniko cha tangi la mafuta, na mara nyingi taa inazimika baada ya safari chache. Gari lake lina kipimo kinachogundua mvuke wa petroli unaovuja. Magari mengi ya soko la Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 hayana kipimo hicho. Kukaza kifuniko hakudhuru, lakini mwenye IST asikae wiki nzima akisubiri taa izimike kwa sababu hiyo.

Twende kwenye kusoma. Kontroboksi, yaani ule ubongo wa injini, ikigundua kosa inaandika namba na kuihifadhi. Namba hiyo inasomwaje nyumbani?

Tuanze na wenye magari ya miaka ya 1990, maana wao wana bahati ambayo wengi wao hawaijui. Kwenye Corolla, Carina, Corona au Mark II nyingi za miaka hiyo, chini ya boneti kuna kiboksi kidogo chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ukikifungua, upande wa ndani wa kifuniko kuna ramani ya vitundu. Tafuta viwili: TE1 na E1. Gari likiwa limezimwa, viunganishe kwa kipande kifupi cha waya. Kisha washa swichi bila kupiga stata, na utazame taa ya injini. Ikipepesa haraka haraka kwa mapigo yanayolingana, hakuna kosa lililohifadhiwa. Kosa likiwepo, taa inahesabu tarakimu mbili: tuseme inapepesa mara mbili, inapumzika kidogo, inapepesa mara moja. Hiyo ni 21, sensa ya oksijeni. 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni upimaji wa hewa inayoingia, 41 ni sensa ya throto, 14 ni mfumo wa cheche. Bila mashine, bila simu, bila hata senti tano. Ila angalizo: ni TE1 na E1 tu. Kiboksi hicho kina vitundu vingine vyenye umeme wa betri, na waya ukikosea njia unaweza kuunguza fyuzi au zaidi.

Magari yaliyofuata yana tundu lenye nafasi 16 za pini, chini ya dashibodi upande wa dereva, karibu na magoti. Hapo ndipo fundi anapochomeka mashine yake. Siku hizi hata mwenye gari anaweza kununua kifaa kidogo kinacholingana na kiberiti, kinachozungumza na simu kwa bluetooth. Wauzaji wanakiita ELM327. Jina hilo lilikuwa la chipu ya kampuni ya Elm Electronics ya Canada, iliyofunga shughuli zake mwaka 2022. Vingi vinavyouzwa madukani ni nakala, vingine vizuri, vingine vya kukatisha tamaa. Bei yake kwa kawaida haifiki gharama ya kujaza tangi la IST. Unaweka kwenye simu programu kama Torque au Car Scanner, unawasha swichi, unasoma. Baadhi ya magari ya soko la Japani hayakubali kuzungumza na kila kifaa cha bei rahisi, kwa hiyo ni vizuri kukijaribu kwenye gari lenyewe kabla ya kulipa.

Namba inatoka ikiwa na herufi P mbele, ikimaanisha mambo ya injini na giaboksi. Inayoanza na P0 ni ya magari yote. Inayoanza na P1 ni ya kampuni husika, na maana yake lazima itafutwe kwa kutaja aina ya gari. Iandike kwenye karatasi. Usiitegemee kumbukumbu.

Na hapa, wasikilizaji, ndipo pesa za watu wengi zinapopotelea. Namba imesomeka, mwenye gari anakimbilia dukani. Namba imetaja sensa ya oksijeni, basi anaagiza sensa ya oksijeni kutoka Kariakoo, inapakiwa kwenye basi, inafika, inafungwa, taa inazimika siku mbili, inawaka tena. Namba haikumwambia anunue kitu. Namba ilieleza kipimo gani kimetoka nje ya mipaka. Kilichosababisha kinatafutwa kwa macho na mikono. Kwa hiyo utaratibu ni huu, na tutaurudia: soma, andika, tazama, jaribu, ndipo ununue.

Mfano wa kwanza ni P0171, na Singida hii tuna sababu ya kuifahamu. Namba hiyo inasema hewa ni nyingi kuliko petroli kwenye mchanganyiko. Aliyegundua ni sensa ya oksijeni, kwa hiyo mara nyingi yeye ndiye anayelaumiwa na kutolewa, ilhali alikuwa anafanya kazi yake. Sasa tujiulize: mkoa wetu ukoje kuanzia Juni hadi Septemba? Ukame, upepo, vumbi. Anayetumia njia za vumbi za Mkalama, au ile ya Itigi kwenda Rungwa, anajua vumbi jekundu linavyopenya hadi kwenye begi lililofungwa. Vumbi hilo linaingia kwenye filta ya hewa. Filta ikichanika, au ikikaa vibaya, linapita na kwenda kutanda kwenye sensa ya kupima hewa, ile iliyochomekwa kwenye bomba la hewa baada ya filta. Ndani yake kuna waya mwembamba unaopashwa moto, na sensa inakadiria hewa kwa jinsi waya huo unavyopozwa. Ukifunikwa na uchafu, unapoa kidogo kuliko inavyopasa. Sensa inadhani hewa ni chache, kontroboksi inatoa petroli kidogo, na hewa inazidi. Sensa ya oksijeni inapiga kelele. Taa inawaka.

Dawa? Fungua boksi la filta, tazama filta na ukingo wake wa mpira. Chomoa sensa ya hewa, ipulizie dawa maalumu ya kusafishia sensa hizo, iache ikauke yenyewe, irudishe. Usiguse ule waya kwa kidole, usiusugue kwa brashi wala pamba, usioshe kwa petroli, na usielekeze upepo wa kompresa. Halafu kagua bomba la mpira linalotoka kwenye filta kwenda kwenye injini. Likunje kunje kwa mkono utafute nyufa, maana mpira wa gari lenye miaka 20 umeshakauka. Vipira vidogo vya hewa vilivyochomekwa kwenye manifoldi navyo vitazamwe kimoja kimoja. Ufa unaovuta hewa ya wizi unatoa namba ileile ya P0171, na mara nyingi tiba yake ni klipu ya kukazia au kipande kipya cha mpira.

Mfano wa pili ni wa aibu kidogo, na unatokea sana. Gari lilikwenda kufanyiwa sevisi, filta ikatolewa ikapulizwa, ikarudishwa. Kesho yake taa inawaka na gari linakohoa. Kifaa kinasoma P0100 na P0110 kwa pamoja, au kwenye magari mapya zaidi P0102 na P0113: moja ya kiasi cha hewa, nyingine ya joto la hewa. Sensa mbili zimekufa siku moja? Hapana. Kwenye Toyota nyingi hizo mbili zimo ndani ya kifaa kimoja na zinatumia soketi moja, na soketi hiyo imesahaulika kuchomekwa. Inarudishwa mpaka isikike ikilia kwa kubana. Kazi imekwisha, na hakuna spea iliyonunuliwa.

Na kwa kuwa tumetaja soketi, wakulima wa alizeti na vitunguu wanaolaza magari karibu na ghala watazame nyaya pia. Panya anapenda joto la injini usiku, na plastiki ya waya haimshindi.

Mfano wa tatu ni ile kumisi. Namba zake ni rahisi kukumbuka: P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, hadi P0304 kwa injini ya silinda nne. P0300 inasema inamisi hapa na pale bila mpangilio. Kwenye IST yenye injini ya 1NZ au 2NZ, kila silinda ina koili yake iliyokaa juu ya plagi, na silinda ya kwanza ni ile ya upande wa mikanda. Tuseme umesoma P0301. Je, koili imekufa, plagi imekufa, au kuna kingine? Huhitaji kubahatisha. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, chomoa soketi ya koili ya kwanza, fungua boliti yake moja kwa spana ya 10, ivute juu. Fanya hivyo kwa koili ya pili. Badilishana nafasi zake, funga, futa kosa, washa, endesha kidogo. Namba ikihamia P0302, koili imejitaja yenyewe. Unanunua moja, si nne. Namba ikibaki P0301, koili haina hatia. Hapo hamia kwenye plagi na urudie mchezo uleule.

Ukitoa plagi, ichunguze. Nyeusi yenye masizi, au iliyolowa oili, inaeleza habari. Ukikuta oili imejaa kwenye shimo la plagi, gasketi ya kava la juu la injini imechoka, na koili mpya itakayofungwa humo nayo itakufa. Wakati wa kurudisha plagi, ianze kwa vidole, izunguke kwa ulaini mpaka ifike chini, ndipo spana iguse. Kichwa cha injini ni cha aluminiamu. Uzi ukichanwa, ni kazi kubwa na gharama ambayo hakuna aliyeipangia.

Vipi kama silinda zote zinamisi muda mfupi baada ya kuweka mafuta? Basi tazama ulikonunua. Mtu akinunua petroli ya dumu kando ya njia, hajui imechanganywa na nini. Uchakachuaji wa petroli na mafuta ya taa ulisumbua nchi hii mpaka EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ikaanzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Vituoni hali ni tofauti na zamani. Kwenye madumu hakuna anayepima.

P0420 tuipitie haraka. Inasema masega hayasafishi moshi inavyopasa. Kuna mtindo wa kuyatoa na kuyauza kwa sababu yana madini ya thamani, platinamu, paladiamu na rodiamu, halafu mwenye gari anashangaa taa inawaka. Haitazimika kwa haki, maana sensa ya oksijeni ya nyuma inaona moshi mbichi. Kama masega yapo, basi kwanza hakikisha hakuna kumisi na hakuna bomba la moshi linalovuja, kwa kuwa mambo hayo mawili yanaweza kuleta namba hiyohiyo. Ikisomeka pamoja na P0301, anza na P0301.

Betri nayo inadanganya watu. Betri iliyochoka inapoangusha umeme wakati wa stata, sensa zinatoa vipimo vya ajabu na namba zinaweza kutoka mfululizo bila uhusiano wowote. Kipima umeme cha bei ndogo kinatosha: gari likiwa limelala, betri nzima inaonyesha karibu volti 12.6, injini ikiunguruma, inapaswa kuwa kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Chini ya hapo, shughulikia chaji na terminali zenye ukungu mweupe kwanza, kabla hujagusa sensa.

Sasa turudi kwenye ile tabia ya kuchomoa betri. Kwa nini tulisema mambo hayaishi? Kontroboksi ilipowasha taa, haikuandika namba peke yake. Kwenye mfumo huu wa tundu la pini 16 inahifadhi pia hali ilivyokuwa wakati ule: mwendo, mzunguko wa injini, joto la maji. Kuchomoa betri kabla ya kusoma ni kumfukuza shahidi kabla kesi haijasikilizwa. Kosa halijaenda popote, na fundi anayekuja baadaye anaanza gizani. Tena kontroboksi ilikuwa imejifunza kidogo kidogo namna ya kurekebisha petroli kwa injini hiyo. Nayo inafutika, na gari linaweza kuunguruma vibaya kwa siku kadhaa. Ukirekebisha kosa kweli, taa itazimika yenyewe baada ya safari tatu mfululizo ambazo kosa halikuonekana. Anayeharakisha afute kwa kifaa, baada ya kuandika. Kwenye yale magari ya miaka ya 1990, fyuzi ya EFI inatolewa kwa nusu dakika hivi, kisha inarudishwa.

Je, kila kitu kifanywe nyumbani? La. Namba za giaboksi, namba zinazotaja kontroboksi yenyewe, kumisi kusikoondoka baada ya koili na plagi kuthibitishwa, hayo ni ya fundi mwenye vipimo. Soketi za rangi ya njano ni za mifuko ya hewa, nazo haziguswi. Na injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika chache. Ndani ya moshi wake mna gesi inayoua bila harufu ya kumwonya mtu.

Lakini ukienda kwa fundi ukiwa na karatasi yako, mazungumzo yanabadilika. Unamwambia: fundi, namba ni hii, ilitokea gari likiwa mlimani na limepata moto, filta nimeitazama, koili nimezibadilishana. Fundi mzuri atafurahi, umempunguzia nusu ya kazi. Naye umuulize kwa heshima: umesoma namba gani, na umepima nini kabla ya kusema tununue? Swali hilo halimvunjii mtu adabu.

Neno kwa wenye dizeli, maana tumewaacha pembeni muda wote. Land Cruiser zenye injini ya 1HZ hazina umeme mwingi wa kulalamika. Taa ya T-BELT ikiwaka kwenye gari kama hilo, si kosa. Ni ukumbusho kwamba kilomita zimetimia na mkanda wa taiming unadai kubadilishwa. Usicheleweshe. Na ikiwaka taa ya maji kwenye filta ya dizeli, chini ya filta kuna kizibo kidogo cha kulegeza. Weka chombo, pampu kwa mkono juu ya filta mpaka maji yaishe na itoke dizeli safi, kaza.

Tumalizie na anayekwenda kununua gari la mkononi wiki hii. Kabla ya kuuliza bei, washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini lazima iwake. Isipowaka, balbu imetolewa au imezibwa, na muulize muuzaji sababu. Piga stata: lazima izimike. Kisha chomeka kifaa. Hata kama hakuna namba yoyote, fungua ukurasa unaoonyesha vipimo vya ndani vya gari vilivyokamilika. Vingi vikionyesha havijakamilika, ujue kumbukumbu imefutwa hivi karibuni, pengine asubuhi hiyohiyo. Omba uliendeshe gari siku hiyo, mjini na nje ya mji, hadi Ikungi na kurudi ikibidi, kisha lisomwe tena mbele ya muuzaji. Akikataa, magari bado yapo.

Muda wetu umekwisha, wasikilizaji. Kipindi kijacho tutazungumzia betri na chaji, kwa hiyo wenye kipima umeme wakiweke karibu, na wenye maswali ya leo wayaandike pamoja na namba walizosoma na aina ya gari.